Nilienda Msumbiji na eSIM, nikarudi si mjomba tena

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Chekeni, mmeruhusiwa.

Mimi ni wa Masasi. Mdogo wangu wa kike ameolewa Newala, na binti yake alikuwa anaposwa Jumamosi.

Kwetu Wamakonde, mjomba asiposema neno posa haipokelewi. Mjomba mkubwa ni mimi.

Shida ni kwamba Jumamosi hiyo nilikuwa Nampula kufuata vitenge. Nikawaambia, "Nipigieni tu, neno nitalitoa kwa simu." Mtu wa teknolojia mimi!

Nilisafiri na jirani yangu, Mama Zuhura. Alipofika tu akanunua laini ya kule, akaichomeka kwenye kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, akapiga kwao kuwapa namba mpya.

Nikamcheka. Mimi eSIM, laini isiyo na kadi, nilishanunua mtandaoni, nime-scan, na laini ya Tanzania nimezima nisikatwe hela za roaming.

"Baba Shaibu, hiyo yako ina namba?"

"Mama Zuhura, dunia imeenda mbele."

Oneni nilivyomjibu, wakati swali lenyewe sikulijibu.

Wakuu, ile eSIM ilikuwa ya data tu. Namba haina! Iliandikwa, ila mimi nilibonyeza "agree" nikaendelea na maisha.

Jumamosi nasubiri simu, kimya. Nikajua wageni wamechelewa. Nikaposti status, kuku wa kuchoma.

Kumbe Newala wanapiga, sipatikani. Wageni wamekaa kwenye mikeka wanatazamana. Mshenga akafungua simu yake, akaiona status.

"Mbona yuko hewani anakula kuku?"

Angeweza kunipigia WhatsApp, lakini mtu akishajiona amedharauliwa hapigi. Ikaonekana nimeikataa posa kwa kiburi.

Kuokoa aibu, akaitwa Salumu, mdogo wetu wa mwisho, ambaye hata mbuzi akipotea haulizwi. Akasema neno. Posa ikapokelewa.

Jioni kitochi cha Mama Zuhura kikaita. Dada yangu alikuwa ameitafuta namba hiyo Masasi nzima.

"Shikamoo kaka. Tumeshamaliza." Akakata.

Mama Zuhura hakucheka. Bora angecheka.

Nilichojifunza: eSIM si mbaya, ila uliza kama ina namba ya kupigiwa. Kama kwenu wana vitochi, nunua laini ya kawaida na uwape namba mapema.

Harusi imeshapita. Bibi harusi alipowaaga wajomba, alimpigia magoti Salumu. Mimi alinipungia mkono. Iliniuma sana.

Wadau wa eSIM, karibuni mnitetee. Atakayeniuliza kama kuku alikuwa mtamu, nam-block.