Chupa Kutoka Grasse

Mama aliuza samaki wa kukaushwa Hillbrow, hapa Johannesburg, na hata Jumapili, akiwa ameshaoga, alinuka moshi na samaki. Aliposikia kazi inanipeleka Ufaransa, akaniambia, "Mwanangu, niletee manukato ya huko. Nimechoka kunuka biashara."

Basi nikapita Grasse, mji wa kale kusini mwa Ufaransa, ambako kutengeneza manukato ni kazi ya kurithishana. Nikachagua ya yasmini, kwa sababu yasmini ndiyo inayotambaa kwenye ukuta wa nyumba yetu, mtaa wa Troyeville. Mama alifurahi kama bibi harusi. Alijipaka tone moja tu kila akienda kanisani, maana hakutaka yaishe.

Alipofariki, akina mama wa kanisa wakaja kufanya kama tunavyofanya kwetu Kongo: wakafua nguo zake zote kabla ya kuzigawa kwa ndugu. Mimi nilikuwa nimelala chumbani, macho yamevimba, nasikia maji yakimwagika. Eish, nani angekumbuka kuficha hata kitenge kimoja kisifuliwe? Nguo zilipokauka, wakaona chupa ya Mama bado ina manukato, wakazinyunyizia zote. Kwa upendo, na ndiyo maana siwezi hata kuwagombeza.

Mimi nilipewa kitenge chake cha sokoni, kile alichojifunga kila siku akipanga samaki. Nimekinusa kila pindo, kila mshono. Kinanukia vizuri sana, kama cha mtu nisiyemjua.