Nilimwandikia Muuaji Kwa Sababu Ndiye Aliyeniuliza Kama Nimekula

Admin, naomba ufiche jina langu, maana Uvira ni ndogo na watu wanajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, ninaishi mtaa wa Rugenge. Mume wangu alikuwa mwalimu, kisukari kikamchukua. Nina binti mmoja tu, ameolewa Bujumbura. Ni karibu kabisa, lakini hunipigia Noeli na siku mtoto wake akiwa na homa. Sisemi ni mbaya, ana maisha yake. Ila mtu akikaa peke yake muda mrefu, anaanza kuongea na sufuria. Mimi nilifika hapo.

Kanisani kwetu mchungaji alituomba wamama tuwaandikie wafungwa wasiotembelewa na mtu. Yeye huingia gerezani kuhubiri, kwa hiyo ndiye alibeba barua kwenda na kurudi. Nilipewa mwanaume nitakayemwita Zakaria. Kosa lake sikuambiwa, nami sikuuliza. Nikamwandikia habari za mvua, na za ziwa lililopanda mpaka kuingia katika nyumba za watu. Akanijibu: "Mama, leo umekula nini?" Mnaweza kucheka, lakini nililia. Tangu nizike mume wangu, hakuna aliyeniuliza neno hilo.

Tukaandikiana zaidi ya mwaka. Akanieleza utoto wake kule uwanda wa Ruzizi. Mama yake alivuka mpaka kutafuta kazi, hakurudi. Mjomba aliyebaki naye alikuwa anamlaza katika nyumba ya mbuzi, na akikojoa usiku, anamfunga kamba shingoni asubuhi ili watoto wa jirani waje kumwona. Aliandika: "Joto la mama, miye nililisikia kwa mbuzi." Siku hiyo nilianza kumwita mwanangu.

Kisha mama mmoja wa kwaya akanivuta pembeni tukitoka ibada. "Weye, unajua unaandikia nani? Ule ndiye alikuwa anaua wamotari kwa njia ya Kamanyola!"

Kila mtu huku anaikumbuka habari ile. Alikuwa anakodi pikipiki kama abiria wa kawaida, na yule anayemwendesha harudi nyumbani. Waliuawa wanne. Watatu walipatikana, wa nne hakuonekana kabisa.

Mwenye akili angeacha. Nami nilikata shauri niache. Lakini Jumapili iliyofuata mchungaji aliponinyooshea barua, mkono wangu uliipokea kabla akili haijasema kitu.

Habari zikaenea. Siku moja saa za mchana akaja kwangu mke wa yule wa nne, nimwite Mama Neema, anauza unga wa muhogo sokoni. Nilimpa kiti, akakataa kukaa. Nikajua amekuja kunitukana.

"Mama, sikuje kwa fujo," akasema. "Nasikia anakusikiliza. Basi umuulize fasi alimuweka Baba Neema. Mimi iko natafuta kaburi tu. Mpaka leo mtu akipiga hodi, watoto wanakimbilia mlango."

Nikaandika, nikauliza. Jibu likawa fupi: njoo mwenyewe, nitakuambia. Nilipomweleza binti yangu kwenye simu, akapandisha sauti: "Mama, ukienda kwa ule muntu, usinipigie tena!"

Nilikwenda gerezani. Nilitegemea kuona jitu, nikaletewa kijana mwembamba aliyefua shati kwa ajili yangu. Alinishika mikono miwili, akacheka kwa furaha, akaniuliza kama nimechoka na safari. Nilipomuuliza juu ya Baba Neema, alinielekeza bila kusita, kama mtu anayekumbuka alipoacha jembe: shimo la zamani la kuchomea matofali, nyuma ya mashamba ya muhogo. Halafu akaongeza neno ambalo sikumuuliza. Alisema yule baba alimwita mtoto wake mpaka mwisho. "Alilia kama mbuzi," akasema, na akatabasamu.

"Haukumuonea huruma, mwanangu?"

Aliniangalia kama mwanafunzi aliyeulizwa somo ambalo hajafundishwa. Akaniuliza nitarudi lini.

Nikawaeleza polisi, wakachimba pale pale, wakamkuta. Siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa, lakini ndugu za marehemu waliniona. Mmoja akapiga kelele: "Atoke huyu, muke ya muuaji!" Mama Neema akaja, akanishika mkono, akawaambia, "Mumuache. Bila yeye leo tungezika nini?" Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Alikuambia neno lingine?" Nikajibu, "Hapana." Neno lile ninalo mimi peke yangu mpaka sasa, na sijui pa kulitua.

Nilidhani baada ya mazishi nitapata amani. Kanisani wamama wanaacha nafasi pande zote mbili nilipokaa. Binti yangu ameshika neno lake, nikipiga simu inaita mpaka inakatika. Na Zakaria bado anaandika. Ya mwisho inasema: "Mama, nilikupa ulichotaka. Na weye pia unanikimbia?"

Sijamjibu. Nikikumbuka lile tabasamu, naisukuma barua mbali. Nikikumbuka mtoto wa kamba shingoni, nachukua kalamu, kisha naiweka chini. Na kuna jambo linaloniaibisha kuliko yote, nalisema hapa kwa kuwa hamnijui: si huruma peke yake inayonirudisha kwenye karatasi ile. Ni kwamba hakuna mwingine anayengoja habari zangu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, matusi nimeshayasikia mengi, mimi natafuta shauri. Mngekuwa katika nafasi yangu mngemjibu? Na nikimnyamazia, jamani, niongee na nani?