Mufupa Wenye Meno

Kila nikisikia harufu ya magamba ya tilapia, ninaficha mikono. Kule Kyavinyonge, kando ya ziwa, ningali mutoto, niliokota mu muchanga mufupa mumoja wenye meno kama musumeno. Nikawa ninapara nayo samaki za mama, lakini meno ilikuwa inapasua ngozi. Basi nikaisugua kwa jiwe mpaka meno yote ikaisha.

Siku moja profesa mwenye kuchimbua vitu vya batu ba zamani akaona ule mufupa, akaishika kwa mikono mbili.

"Babu zenu balivua samaki na hii, wakati chuma haijafika. Nani alisugua meno yake?"

Nikaonyesha mudogo yangu, mwenye hata kusema hakuwa anajua muzuri bado. Mama akamupiga mbele ya ule mugeni.

Leo mudogo yangu ameniletea samaki hapa Butembo. Zote amekwisha kuzipara.

"Najua haupendi ile kazi, mukubwa yangu."