Bendera ya Mwisho

Wanangu wakicheza gemu siku hizi wanaseva kila baada ya hatua mbili. Wakifa wanafufuka palepale, hata jasho halijawatoka. Mimi huwatazama tu na kunyamaza, kwa sababu nikifungua mdomo nitamtaja dada yangu, na wamechoka kusikia habari zake.

Tulikuwa tunakaa Kihonda, miaka ile vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani na kila mjomba aliyekwenda Kariakoo alirudi na kitu kinachong'aa. Wa kwetu alirudi na mashine ya gemu, pedi mbili na kaseti ya njano. Humo ndani mlikuwa na askari mdogo anayepanda ngome. Katikati ya kila steji palikuwa na bendera nyekundu. Ukishaigusa, hata ukifa unaanzia pale. Lakini umeme ukikatika, bendera zote zinasahaulika na askari anarudi chini kabisa.

Dada alikuwa anasubiri kwenda bweni, kidato cha tano. Alijiapiza kwamba hataondoka kabla askari hajafika juu. Mimi nilikuwa nakufa kwenye daraja la kwanza na kutupa pedi. Yeye hakutupa kitu. Akifa anasema, "Aha, kumbe," kama mtu aliyeelekezwa jambo la maana, anaanza tena. Kabla ya kuwasha mashine alichungulia dirishani kuutazama mlima. Akiona mawingu yameshuka hadi katikati ya Uluguru, hagusi kitu, maana mvua ikianza huko juu, umeme wetu nao unaondoka. Nimekutana na watu wengi wenye vyeo vyao tangu wakati ule, na sijamwona mwenye subira kama yake.

Wiki yake ya mwisho nyumbani, mlima ulikuwa wazi kutwa. Akapanda steji baada ya steji. Akichoka, anaisimamisha gemu na kuiacha inawaka, na mama anafunika televisheni kwa kitambaa cha kufuma ili wageni wasiulize. Soketi ya sebuleni ilikuwa moja tu, kwa hiyo mama akarudia pasi ya mkaa, huku akilalamika kwamba nyumba yake imetekwa na askari asiyelipa kodi. Hata hivyo hakuichomoa. Jumamosi mchana dada akaigusa bendera ambayo hatukuwa tumewahi kuiona. Juu yake ulibaki mlango mmoja.

Hapo ndipo tukasikia kilio nyumba ya jirani. Mzee wa pale, aliyekuwa akiugua kwa muda mrefu, alikuwa amefariki. Alasiri wakaja wanaume wawili na waya mrefu, kwani kwa marehemu hapakuwa na umeme na turubai lilihitaji taa.

"Shikamoo, mama. Tunaomba umeme wa msibani."

"Marahaba. Poleni sana, wanangu," mama akajibu, kisha akamtazama dada. Ningekuwa mimi, ningesema waya haufiki.

Dada akaweka pedi chini. "Piteni tu, kaka zangu," akasema, akachomoa. Picha ikajikunja ikawa nukta, nukta ikapotea. Hakugeuka kuitazama.

Nikaangua kilio. Akanishika sikio. "Unalia nini wewe? Waliofiwa wako kule." Akajifunga kanga, akaenda kuchambua mchele na kina mama.

Taa ile iliwaka hadi matanga yalipoanuliwa, na kufikia siku hiyo dada alikuwa ameshapanda basi la Dodoma kwenda shule. Aliporudi likizo, adapta ilikuwa imeungua na nyingine haikupatikana. Hakuuliza hata mara moja. Kwa miaka mingi nilimsifu kwa hilo, nikiamini ana moyo ambao vitu vidogo haviushiki.

Majuzi alikuja kututembelea hapahapa Kihonda, kichwa kimeshaota mvi. Binti yangu akamwonyesha simuni gemu ileile ya askari, siku hizi inapatikana bure. Dada akavaa miwani akaomba ajaribu. Jamani, vidole vyake! Daraja la kwanza, la pili, popo wa ukutani, vyote alivijua. Mboga ikaungua jikoni na hakuna aliyejali. Akaigusa bendera ya mwisho.

"Mama mkubwa, seva kwanza!" binti yangu akapiga kelele.

Dada akaisimamisha gemu. Akachungulia dirishani, mlima ulikuwa wazi. Kisha akamgeukia binti yangu, bila kutabasamu.

"Hebu toka nje, mwanangu, unisikilizie kama kuna kilio kwa jirani."

Binti yangu akacheka, akadhani ni utani. Mimi sikuweza kucheka. Kumbe ilimuuma. Ilimuuma miaka yote hiyo, na siku ile alichomoa bila kuombwa mara mbili.