Magazeti Mawili, Mlango Mmoja

Yassini wa Kiranjeranje hajui Kiingereza, na hilo halijawahi kumzuia kutafsiri filamu. Hukaa kando ya televisheni katika banda la video la Bi Mwahija, maiki mkononi, akasema anachoona kinafaa. Kwenye picha za ngumi hapati taabu. Anayepigwa anajulikana, naye Yassini humwongezea kejeli kidogo.

Taabu ilimkuta msimu wa korosho. Iddi, aliyemwoa binti wa Bi Mwahija, alimng'ang'ania mama mkwe wake banda ligeuzwe ghala, na bila kungoja jibu akaanza kupanga magunia ukutani. Bi Mwahija akamwambia Yassini, "Baba, leo alasiri ndiyo mwisho. Watu wakitoka kabla picha haijaisha, kesho zinaingia korosho."

Yassini aliogopa kwelikweli. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipenda. Nyingine zote alishatimuliwa.

Na siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Flashi aliyonunua Lindi akidhani ina mapigano ilikuwa na picha kuukuu, haina rangi: mwanamume ana gazeti lake, mwanamke ana lake, wanagombea wasomaji wa mji mmoja. Ngumi hakuna hata ya bahati mbaya. Na waliotengeneza walikuwa hohehahe: ofisi mbili, lakini mlango ule ule, meza ile ile. Kilichohama ni chungu cha maua tu.

"Yassini, mbona hawa maadui wanakaa chumba kimoja?" aliuliza Fauzia, muuza samaki wa Pande, ambaye hapitwi na jambo.

Yassini alimtazama yule mwanamke. Nywele nyeupe pee. Nadhani zilikuwa za rangi ya mahindi, ila picha ya namna ile haijui mahindi. Uso haukuwa wa kizee, lakini Yassini hakuwa na nafasi ya kuchagua.

"Mama mkwe wake," akasema. "Anaishi kwake."

Watu wakasogea mbele. Kwetu mwanamume akikutana na mama mkwe njiani huinamisha macho. Huyu alikuwa anamfokea, kisha anamchapa gazetini!

"Kamwanika mkwewe ukurasa wa mbele!" Yassini alinguruma, na kina mama wakaguna. Hakutoka mtu. Waliokuwa nje waliingia, wakakosa viti, wakakalia magunia ya Iddi.

Kisha, mwishoni kabisa, mwanamume akatupa gazeti, akamkumbatia mama mkwe, akambusu mdomoni.

"Astaghfirullahi!" Kanga zilifunika nyuso. Wengine wakasimama waondoke.

"Kazimia!" Yassini alipiga kelele. "Mama mkwe kazimia! Anampa pumzi!"

Busu likaendelea.

"Pumzi gani hiyo, na kiuno kamshika?" Fauzia akauliza.

"Asianguke!"

"Nyamaza, Fauzia," alisema Bi Mwahija. Alikuwa analia. "Mtu anaokoa roho. Ugomvi wote ule, na bado kampa pumzi yake. Mkwe wangu mimi hata shikamoo naipata akiwa na shida tu."

Picha ikaisha, watu wote wamo. Bi Mwahija alipangusa macho kwa ncha ya kanga, akaagiza mkokoteni.

"Haya magunia yapelekeni sebuleni kwa Iddi," akasema. "Akiuliza kwa nini, mwambieni aje atazame picha."