Fedha za Vichanja

Mchana ule nilikuwa nageuza dagaa juu ya miamba ya Igogo, mgongo ukiniuma kama kawaida yake, simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu. Aliniambia mwenzetu mmoja yuko kisiwani, alikokwenda kununua dagaa, mimba imeharibika na damu haikatiki. Kivuko kilikuwa kimeshaondoka, hakuna kingine mpaka kesho yake. Mwenye boti ya injini amekubali kumleta mjini, ila anataka hela ya mafuta mkononi, na huku hospitali nako kutahitaji kitu.

"Mhazini," akasema, "huyu anatuacha. Nipe nusu yako."

Nusu yenyewe ni ya namba ya siri. Sisi ni kikundi cha wanawake wa kuanika na kuuza dagaa. Ziwa lilipopanda na kula ufuo tuliokuwa tukianikia, pamoja na nyumba za baadhi yetu, tuliomba msaada kwa shirika moja la mjini. Wakatupa fedha za kujenga vichanja vya mbao na wavu, juu, mbali na maji. Fedha zilikaa kwenye laini ya simu ya kikundi. Mwenyekiti alijua nusu ya namba, mimi nusu nyingine, asije mmoja wetu akajichotea.

Nikamtajia. Sikuuliza hata swali moja, na leo ikitokea tena nitamtajia vilevile.

Mwenzetu alifika akiwa hajitambui. Waliomlaki walimbeba kwa kitenge mpaka kwenye bajaji. Akaongezwa damu, akalazwa, akapona. Tulipokwenda kumwona alitushika mikono mmoja mmoja na kulia, nasi tukalia. Nadhani hiyo ndiyo siku ya mwisho kikundi chetu kuwa na moyo mmoja.

Fedha zilizobaki hazikutosha hata mbao. Nalo shirika likatuma ujumbe kwamba mhasibu wao atakuja kuona vichanja na kukagua risiti.

Tuliitana nyumbani kwa mwenyekiti. Yeye alikuwa ameshafikiri. Alisema kuna duka maeneo ya Mirongo, ukinunua kidogo wanakuandikia risiti ya unachotaka, muhuri juu. Tukaandikiwe mbao, misumari na wavu. Nikamuuliza vichanja vyenyewe tutawaonyesha wapi.

"Tutasema maji yamevichukua," akajibu.

Lilikuwa jambo la kuaminika kabisa. Ziwa lilikuwa limechukua vyoo, mabanda, hata kaburi moja. Nani angelibishia? Wengi walikubaliana naye, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani kukubali. Mwenyekiti hakuwa mwizi. Alikuwa ametoa hela yake mfukoni siku ile kuongezea dawa. Nikawaambia tu kwamba mimi siwezi kusaini kitu hicho, na kwamba tukilisingizia ziwa leo, siku likituumiza kweli hakuna atakayetusikiliza. Tulibishana mpaka ikabidi kila mtu akawahi kuanua dagaa wake. Mwisho walisema basi, mhazini aende akaseme mwenyewe huo ukweli wake.

Mhasibu alikuja. Alikuwa binti mdogo, ningemzaa mimi angekuwa kitinda mimba wangu. Akaniamkia shikamoo, akakaa juu ya jiwe kama sisi, akanisikiliza bila kunikatiza. Mwenye boti hakuwa na risiti, hajawahi kuwa nayo maishani. Nilikuwa na cheti cha hospitali tu. Nilipomaliza akasema, "Mama, ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Lakini kazi yangu siyo kuandika ningefanya nini. Naandika kilichofanyika."

Sikumchukia. Hata alipotuma jibu la wakubwa wake, kwamba fedha zilizotumika nje ya mradi zirudishwe kidogo kidogo la sivyo mradi ufungwe, niliona anaandika kwa uungwana. Fedha zile nazo zilikuwa na wenyewe, na huko zilikotoka kuna mtu anamuuliza na yeye.

Tukaanza kulipa. Kila mwisho wa mwezi nilipita nyumba kwa nyumba kukusanya, kupanda na kushuka mawe. Mwanzoni walitoa kwa uso mzuri. Kisha mvua ikazidi, dagaa wakaozea mikononi kwa kukosa jua na vichanja, na nyuso zikabadilika. Wengine walijificha nikibisha hodi. Siku moja, katika kikao, mama mmoja akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza bei, "Huyu tunamlipia kama tumemwoa."

Mwenzetu alikuwa amekaa palepale. Alitoa mchango wake, akaaga, akaenda. Hakurudi kikaoni tena. Baadaye tukasikia amehamia kwa kaka yake, upande wa Magu, analima mpunga.

Nilimfuata. Alinipokea vizuri, akapika ugali na sangara, akaniuliza habari za kila mtu hata yule aliyemsema. Nikamwomba arudi. Nikamwambia maneno ya kikaoni ni ya uchovu, hakuna anayemdai.

Akasukuma sahani pembeni. "Dada, mngeniambia nimekopeshwa ningelipa nikamaliza. Ninyi mliniambia nimeokolewa. Hiyo mtu analipa mpaka lini?"

Nilimsaidia kuosha vyombo, akanisindikiza barabarani, akanifungia mchele kidogo kwenye mfuko.

Deni tulilimaliza. Mhasibu alinipigia mwenyewe kunipa taarifa, na sauti yake ilikuwa na furaha kuliko yangu. Alisema shirika linaweza kutufikiria tena. Nilipowapelekea wenzangu habari hiyo, mwenyekiti alicheka kidogo, akasema yeye ameshazeeka, tutafute mwingine. Hatukupata. Tukaongeza kwenye katiba yetu fungu la dharura, la ugonjwa na msiba, ili fedha za kazi zisiguswe. Wote wakanyoosha mikono. Mwezi wa kwanza walichangia watatu.

Vichanja tumejenga viwili, kwa mbao chakavu za banda lililobomoka. Vinayumba upepo wa asubuhi ukivuma kutoka ziwani, lakini vinabeba. Bado mimi ndiye mhazini. Namba ya siri sasa tumeigawa kwa watu watatu, na nikikaa kugeuza dagaa huwa najiuliza, akitupigia mtu tena kutoka kisiwani, watatu hao tutapatikana wote kwa pamoja?