Birika Nililokataa Kuwasha

Watu wa Mwankoko wananijua kwa hasira za karibu, na sijawahi kulikana hilo. Lakini siku niliyokataa kuwasha birika la watoto sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa naogopa, na mtu aliyeogopa namna ile habadilishwi mawazo kwa kelele.

Binti yetu wa kwanza alipooza miguu kabla hajajua kukimbia. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka umri ambao wenzake walikuwa wameshaanza kubeba wadogo zao. Ndipo tukasikia kwamba kituo cha watoto waliopooza, pembeni ya mji wa Singida, kitajengewa birika kubwa la saruji lenye maji moto. Watoto wangeingizwa humo na kunyooshwa misuli, kwa sababu ndani ya maji ya moto mguu mzito unakuwa mwepesi. Muuguzi wa pale alimwambia mke wangu kuwa mtoto kama wetu anaweza kuja kusimama. Tangu siku hiyo neno kusimama halikutoka nyumbani kwetu. Halafu mimi, fundi umeme, nikapewa kazi ya kufunga hita. Nani angekuwa na bahati kama yangu?

Hita ilikaa ndani ya pipa la chuma nyuma ya ukuta. Maji yalipashwa humo, yakapita kwenye bomba na kuingia birikani. Sasa weka pamoja umeme, maji, na mtoto asiyeweza kuruka nje. Koili ya hita, ule waya wa ndani unaopasha maji, ikipasuka, umeme unashika pipa, unashika bomba, unamfuata mtoto majini. Kinga yake ni waya wa ethi, unaotoka kwenye pipa kwenda kwenye fimbo ndefu ya shaba iliyozikwa ardhini. Umeme uliopotea njia unakimbilia huko chini, fyuzi inakatika, kila kitu kinazima. Ila fimbo lazima ifike kwenye udongo wenye unyevu, na Singida yetu ni mwamba juu na mwamba chini, na kiangazi udongo wote unakuwa vumbi.

Miaka ile ya ujamaa kazi za namna hiyo tulizifanya kwa kujitolea. Kila balozi wa nyumba kumi alikuja na watu wake na majembe yao, akapimiwa kipande: hawa msingi, hawa mtaro wa bomba, hawa kusomba mawe. Na mashindano yalikuwepo, usiombe. Kundi lililomaliza mwisho lilitaniwa kilabuni mpaka mavuno mengine. Shimo la fimbo yangu lilipewa kundi la balozi mmoja, bibi mwembamba ambaye alipokohoa tu watu wake walishika majembe. Niliwaonyesha kina ninachotaka, nikaenda mjini kufuatilia nyaya. Niliporudi, kichwa cha fimbo kilikuwa kimechomoza vizuri, udongo umeshindiliwa, na bibi na watu wake wamekaa kivulini wakiwacheka wenzao waliokuwa bado wanachimba. Nikawapa hongera yao.

Siku ya kuamkia ufunguzi nilifanya jaribio langu. Unachukua taa, upande mmoja unaunga kwenye umeme, upande wa pili kwenye waya wa ethi. Fimbo ikiwa imeshika ardhi sawasawa, taa inawaka kama ya sebuleni. Yangu ilitoa wekundu kidogo ndani ya kioo, kama kaa la moto linalokufa. Nikabadilisha taa, nikakaza viungo vyote upya. Ukawa uleule.

Nikamwita msimamizi wa ujenzi. Alikuwa mwashi hodari, kuta zake zimesimama hadi leo, na alikuwa na mzigo wake: mgeni kutoka ofisi za mkoa anakuja kesho, maji yawe ya moto, watoto wawe ndani. Aliiangalia ile taa, akaiangalia fimbo, akaitikisa kwa mkono. Haikuyumba.

"Ardhi ni ardhi, fundi," akaniambia. "Fimbo imo ardhini. Unataka nini tena?"

"Nataka ifanye kazi. Siwashi."

Akanibembeleza. Akasema tuwashe kwa ajili ya mgeni tu, tutarekebisha baadaye, nani ataumia kwa saa moja? Nilimjibu kwamba mtoto wa kwanza kuingizwa ni wangu. Akadhani hiyo ni sababu ya kukubali. Hapo ndipo sauti zikapanda, na akanitamkia kwamba nakwamisha maendeleo. Siku hizo neno hilo halikuwa la mzaha, mtu angeweza kuitwa ofisini akajieleze. Niling'oa fyuzi ya hita, nikaitia mfukoni, nikaondoka nayo.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa amemfulia mtoto gauni, limeanikwa. Nilimweleza habari ya taa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akiumia, kwamba hajawahi kuona mtu anayemzuia mwanawe asisimame. Maneno yale yalinikata maini. Nikaigusa fyuzi mfukoni. Lakini nilikuwa nimekata shauri, na kilio cha mke wangu ningeweza kukivumilia kuliko kile kingine.

Asubuhi alimfunga mtoto mgongoni na kunifuata kwa mbali. Nilikuta watu wameshajaa, pamoja na bibi balozi na kundi lake. Nikamwamkia bibi shikamoo, nikawaomba wote wasogee waione taa kwa macho yao. Nikaiunga kwanza kwenye nyaya zote mbili za umeme wa jengo: ikawaka, watu wakafumba macho. Nikaiunga kwenye ethi: wekundu kidogo tu. Nikawaambia kuwa njia ya umeme kushuka ardhini ni nyembamba kiasi hicho, na usipopata njia huko utaitafuta kwa mtoto. Nikauliza kama fimbo ilifika chini kweli. Bibi akageuka, akaondoka zake.

Msimamizi alikuwa bado ananisuta wakati bibi aliporudi, amebeba kitu ndani ya kanga. Akakifungua mbele ya watu wote. Kilikuwa kipande cha shaba, zaidi ya nusu ya fimbo, kimekatwa kwa msumeno.

"Tuligonga mwamba," akasema. "Wenzetu walikuwa wanakaribia kumaliza. Tukaona ni kama nguzo, mradi haiyumbi. Niliamua mimi, hawa wasiulizwe."

Nilitaka kufoka, naapa. Maneno yalishafika mdomoni. Lakini nilimtazama amesimama pale peke yake na kile kipande, mbele ya makundi yote aliyoyacheka, nikayameza. Nikamuuliza ni wapi hapo kituoni ardhi haikauki. Hakufikiri mara mbili: kule bustanini, yanapomwagika maji ya kufulia, hata kiangazi mchicha unaota.

Mgeni alikuja, akahutubia mbele ya birika la maji baridi, akapigiwa makofi, akaondoka. Nyuma ya jengo sisi tulikuwa tunachimba. Tulilaza vipande vyote viwili kwenye mtaro, nikaviunga kwa waya wa shaba, tukavizungushia, ili unyevu ukae, mkaa na chumvi ambayo akina mama walichangia kutoka majikoni kwao, tukafukia na kumwaga maji. Msimamizi mwenyewe alishika sepetu, shingo upande, lakini alishika. Nilipounga taa, iliwaka kama ya sebuleni. Nikatoa fyuzi mfukoni. Maji yalipopata moto niliingia mimi kwanza na nguo zangu, nikashika bomba kwa mikono miwili, ndipo nikamwambia mke wangu amlete mtoto.

Kutoka hapo bibi alijipa kazi. Kiangazi chote alipeleka ndoo ya maji pale bustanini, na ole wake atakayesogeza jembe karibu.

Mvua zilipokuwa zinakaribia tena, binti yangu alikuwa anaweza kusimama ndani ya maji akishika ukingo. Siku moja nilikuwepo, mama yake amepiga magoti pembeni akimwangalia, mara nyuma ya ukuta nikasikia mlio mdogo, tak. Fyuzi imekatika. Nilizima swichi kuu, nikafungua pipa. Chumvi ya maji yetu ilikuwa imeitafuna koili mpaka ikapasuka na kugusana na chuma.

Nilirudi birikani na ile koili, nikakaa sakafuni.

"Baba, maji yanapoa," binti yangu akalalamika, bado amesimama. "Washa basi."

"Leo siwashi, mama."

Akanuna, akasema baba kila siku ni kukataa tu. Mke wangu alikuwa ameiona koili mkononi mwangu. Alimtoa mtoto, akamfunika kwa kanga, akanipakatisha. Kisha akachota ndoo ya yale maji ya birikani, akaenda nayo bustanini, akaimwaga yote pale tulipozika shaba.